Mrejesho: nimeanza kusoma ustawi wa jamii na unasihi

Wakuu, niliuliza kama nisome ustawi wa jamii na unasihi, nikijikita kwenye ulemavu, au nibaki na ualimu. Nimemaliza muhula wa kwanza. Darasani tunarudi kila mara kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006: tatizo ni jengo lenye ngazi tupu, si miguu ya mtu. Nikajiona nimeelewa. Kwenye mafunzo kwa vitendo nikamuuliza mama wa kijana kiziwi maswali yote, kijana mwenyewe kaketi palepale! Msimamizi alinikatiza. Sasa ninapouliza namtazama mteja mwenyewe, si mzazi wala mkalimani wa lugha ya alama. Aliyenisihi nianze lugha ya alama mapema, ulisema kweli. Ndiyo kwanza naanza.