Mnapanda miche, mifereji iko wazi! Kinamasi kitarudije?

Bandugu wa Bukavu, tuseme ukweli. Kila msimu inapita projeti ya "kurudisha msitu wa kinamasi" huku milimani: kalikoti, fulana, miche, picha, halafu magari yanashuka mjini. Na mifereji iliyokausha kinamasi? Iko palepale, inamwaga maji usiku na mchana. Msitu ule haukufa kwa kukosa miche, ulikufa kwa kukosa maji.

Udongo mweusi wa kule ni majani na mizizi ambayo haikuoza kwa sababu ilifunikwa na maji. Ukishusha maji, hewa inaingia, udongo unaoza, unatoa kaboni, na uso wa bonde unadidimia mwaka hadi mwaka. Kati ya Juni na Agosti moto wa shamba ukiponyoka unaingia chini ya ardhi, na huko hauzimwi kwa ndoo. Kisha mnaleta grevilia na sedrela, miti ya nchi kavu! Siku maji yakirudi kweli, mizizi yake itakosa hewa na itakufa. Yaani projeti inaombea ukame uendelee ili miche yake ipone.

Wachache wanaokumbuka kufunga mfereji wanajenga kizuizi kimoja cha sima na mawe, kule chini mdomoni. Sima ni nzito, udongo ni laini: kinazama, maji yanapita ubavuni, na mvua za Septemba zinachimba pengo pana kuliko mfereji wenyewe.

Kwanza pimeni mteremko. Nivo ya maji ya waashi inatosha. Kila maji yanaposhuka sentimita 20, weka kizuizi kimoja. Mteremko wa mita 1 kwa mita 100 unataka kizuizi kila mita 20, kwa hiyo mfereji wa mita 300 ni vizuizi 15. Si kimoja, bakubwa! Fanyeni mwishoni mwa kiangazi, mkianzia juu mkishuka, ili kila kizuizi kipunguzie kinachofuata nguvu ya maji.

Mahali pa kila kizuizi, toeni matope na mizizi iliyooza sakafuni na kando ya mfereji mpaka mfike udongo mgumu wenye unyevu. Ingieni nusu mita ndani ya kila ukingo. Jazeni kwa udongo wa kinamasi chenyewe, uliochimbwa chini ya tabaka la juu, kwa sababu ule uliokwisha kukauka hauvuti maji tena. Kanyageni tabaka kwa tabaka. Kichwa cha kizuizi kiinuke sentimita 30 juu ya uso wa bonde, maana kitashuka chenyewe, kisha kifunikeni kwa majani hai pamoja na mizizi yake. Maji yatoke pembeni yakisambaa juu ya majani, yasirudi mferejini. Mikaratusi ya ukingoni ikatwe, na machipukizi yake yakatwe tena na tena, la sivyo inaendelea kunywa.

Miche? Ngojeni maji yatulie. Mti wa Syzygium wa kinamasi unavumilia miguu kulowa, na mara nyingi mbegu zinajileta zenyewe.

Msiseme haiwezekani. Jirani hapo Rwanda, kinamasi cha Rugezi kilikaushwa kwa mashamba, ziwa Burera linalopata maji yake likashuka mpaka mitambo ya umeme ya Ntaruka ikakosa maji miaka ya 2000. Walipoondoa kilimo kinamasini, maji yalipanda.

Sasa wenye projeti, wekeni vipimo hapa. Si picha. Tiyo za plastiki zenye matundu, za mita 2, za kupimia maji ardhini, zimechomekwa wapi? Nani anazisoma kila wiki? Agosti maji yalikuwa sentimita ngapi chini ya uso, kabla ya kufunga na baada? Hata Indonesia, wanaolima udongo wa aina hii, kanuni yao ya 2016 inahesabu ardhi imeharibika maji yakishuka kupita sentimita 40. Na mama anayelima viazi kando ya mfereji huo, mmemlipa nini ili asije usiku na jembe kufungua kizuizi?