Parachichi, lozi, samaki, kitani au zeituni: nianze na kipi?

Mama Pacha
Wakuu, habari za siku nyingi. Nimepima, lehemu (kolesteroli) imepanda. Si ya kutisha, ni ya kuonywa. Daktari hakuniandikia dawa, aliniambia tu "punguza mafuta mabaya, weka mazuri", kisha akaita mgonjwa mwingine. Nyuma ya karatasi ya vipimo nimeorodhesha: parachichi, lozi na karanga, mafuta ya zeituni, samaki wenye mafuta, mbegu za kitani. Vyote kwa mpigo siviwezi. Waliojaribu, nianze na kipi, na kipi ni kelele tu?

Kijiko
Dada, pole. Mimi nilianza na zeituni na nikachemka. Nilisikia ni mazuri kwa moyo, basi nikawa nayamwagia kila kinachokaa kwenye sahani, huku siagi na nyama ya mafuta nikiendelea nazo vilevile. Miezi mitatu baadaye suruali zikanikataa.

Siku moja nikaona nipime. Nikamimina kama kawaida yangu, ila safari hii kwenye kijiko kikubwa kwanza, ndipo kwenye sahani. Kile nilichokuwa nakiita "tone" kilijaza kijiko mara tatu na kikabaki. Kijiko kimoja ni gramu kama 14, kalori karibu 120, kwa hiyo nilikuwa naongeza zaidi ya 360 kwa mlo mmoja bila habari. Gramu ya mafuta ni kalori 9, yawe ya zeituni au ya nguruwe. Wanga na protini ni 4.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uanze na kipi, jiulize kinakuja kukaa mahali pa nini.

Mzee wa Nazi
Mbona nazi hamuitaji? Mafuta ya asili, ya mmea, hayana kemikali. Mimi napikia hayo tu na niko fiti.

Bi Lishe
Kaka, kutoka kwenye mmea si hoja. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni aina ile inayoganda, kuliko hata siagi ambayo ni kama nusu ya uzito wake. Jikoni kukipoa chini ya nyuzijoto 24 hivi, chupa yako inakuwa nyeupe kama mshumaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22. Kijiko kimoja kikubwa cha nazi kinakumalizia nusu. Kwa ladha, mara mojamoja, sina ugomvi. Kwa mtu ambaye lehemu imeshapanda, hapana.

Mama Pacha, Kijiko kakuambia la maana kuliko yote utakayoyasoma hapa. Lehemu mbaya inashuka pale siagi inapotoka na mafuta ya kimiminika yanapoingia mahali pake. Ukiitoa siagi ukajaza mkate mweupe na sukari, hujafanya kitu.

Kwa anayetaka ushahidi: Hispania walifuatilia watu zaidi ya 7,000 waliokuwa kwenye hatari ya ugonjwa wa moyo. Kundi moja lilipewa mafuta ya zeituni yasiyosafishwa, la pili gramu 30 za njugu kwa siku (jozi, lozi na hazeli), la tatu likaambiwa lipunguze mafuta. Makundi mawili ya kwanza yalipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo pungufu kwa karibu asilimia 30. Matokeo yalitoka 2013, yakaondolewa na kuchapishwa upya 2018 kwa sababu namna ya kuwagawa watu kwenye makundi ilikuwa na kasoro. Baada ya kurudia hesabu, picha haikubadilika sana.

Fundi Mwiko
Ila zeituni si ya kukaangia, ikipata moto inageuka sumu.

Bi Lishe
Hiyo imezidishwa. Kukaanga kwa kawaida inastahimili vizuri. Ikianza kutoa moshi umepitiliza, na hilo ni kwa mafuta yoyote.

Mpenda Mbegu
Nizungumzie kitani maana nimeumizwa nazo. Wiki mbili nilikuwa natia vijiko viwili vya mbegu nzima kwenye uji, najisifu. Kumbe zilikuwa zinapita. Samahani kwa wanaokula, lakini nilizikuta chooni zinang'aa vilevile nilivyozimeza. Ganda lake ni gumu, tumbo halilivunji. Lazima zisagwe. Mimi nasaga za siku chache kwa mashine ya kahawa na unga naufungia kwenye friji, maana ukisagwa unaharibika upesi.

Na ujue omega-3, yale mafuta mazuri yanayosifiwa, ya kitani si ile ya samaki. Mwili unaigeuza kuwa ya samaki kwa kiasi kidogo sana. Kama samaki unakula, kitani ni nyongeza. Kama huli kabisa, basi ndiyo tegemeo lako pamoja na jozi na chia.

Sadini Daima
Samaki! Mnazunguka tu. Mara mbili kwa wiki, imeisha. Na si lazima salmoni, kopo la sadini linafanya kazi ileile, na vile ni vidogo havibebi zebaki nyingi kama papa na wenzake wakubwa. Mjamzito hao wakubwa awaepuke. Soma chumvi kwenye kopo, hapo ndipo wanapotupiga.

Kijani
Parachichi. Nusu yake kubwa ina mafuta gramu kama 15 na nyuzinyuzi juu, kitu ambacho chupa ya mafuta haina. Ukilikatia kwenye kachumbari ya karoti na nyanya, rangi zile za mboga ambazo mwili unazigeuza kuwa vitamini A zinafyonzwa vizuri zaidi. Tena halimwagiki kwa bahati mbaya kama mafuta ya Kijiko, hahaha.

Kijiko
Nimekubali kuchekwa.

Mama Pacha
Asanteni sana. Nimeamua hivi: siagi ya asubuhi naitoa, parachichi linakaa kwenye mkate mahali pake. Sadini Jumatatu na Alhamisi. Zeituni kwa kijiko cha kupimia, Kijiko shahidi. Kitani ningoje kwanza, mashine sina. Nitapima tena baada ya miezi mitatu.

Swali la mwisho. Kabatini nina mfuko wa jozi uliofunguliwa sikumbuki lini. Zinanukia kama rangi mbichi ya ukutani. Ndiyo harufu yake?

Mpenda Mbegu
Siyo. Mafuta yake yameshaharibika hayo, tupa. Utakazonunua tena, weka kwenye friji.