Mkopo wa kununua jengo la biashara tulifanye makao: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Ganjoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Mombasa na mke wangu ni muuguzi. Tumepata jengo la ghorofa moja Ganjoni, ambalo chini lilikuwa duka la vipuri na juu afisi, na mwenyewe analiuza kwa shilingi milioni 14. Tuna watoto watatu na tumechoka kuhamahama, lakini nyumba ya kukaa yenye ukubwa huo katika mtaa huo hatuimudu. Akiba yetu ni milioni 5. Benki inayopitisha mishahara yetu imetueleza kwamba mkopo wa nyumba, ambao tungeulipa kwa miaka 20, hautolewi kwa jengo hili kwa kuwa hati yake inasema ni la biashara. Tunachoweza kupewa ni mkopo wa biashara wa asilimia 60 ya thamani, wa kulipwa kwa miaka 10. Je, iko njia ya kupata mkopo wa makao kabla jengo halijawa makao?

Mthamini wa Kizingo

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Benki haikukuonea. Mthamini anayetumwa na benki huandika thamani ya jengo kama lilivyo siku anapolikagua, wala hawezi kuithamini nyumba ambayo bado imo katika mawazo ya mnunuzi.

Tazama hesabu yenyewe. Asilimia 60 ya milioni 14 ni milioni 8.4, kwa hiyo milioni 5.6 itoke mfukoni mwako. Ongeza ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, yaani shilingi 560,000. Umeshafika milioni 6.16 kabla ya kumlipa wakili na mthamini, na ukarabati haujaanza. Kwa akiba uliyo nayo, njia ya mkopo wa biashara naiona imefungwa.

Iliyobaki ni kubadilisha matumizi kwanza, ndipo uombe mkopo. Chini ya sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, ombi hupelekwa kwa kaunti likiwa limeandaliwa na mpangaji miji aliyesajiliwa, umma hutangaziwa ili mwenye pingamizi aseme, na kaunti ina siku 60 za kutoa jibu. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kabla ya uhamisho mwenye hati ni muuzaji, kwa hiyo ombi hilo yeye ndiye wa kulitia sahihi. Basi mkataba wa mauzo useme wazi kwamba atatia sahihi, na kwamba kaunti ikikataa mtarudishiwa malipo yenu ya awali, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 na ni vyema yashikwe na wakili. Siku 90 zilizozoeleka za kukamilisha mauzo hazitawatosha. Ombeni miezi sita.

Tena, hati ikiwa ni ya kukodi, yaani ya kumiliki ardhi kwa idadi maalumu ya miaka, masharti yake yatabidi yabadilishwe katika Wizara ya Ardhi pia, na muhimu zaidi ni kuhesabu miaka iliyobaki, kwa sababu hakuna benki itakayokupa mkopo wa miaka 20 juu ya hati inayokaribia kwisha.

Mama wa Tudor

Mwalimu, kabla ya yote hayo, hakikisha unauziwa jengo pamoja na ardhi yake. Hapa kwetu pwani nyumba bila ardhi ni nyingi, mwenye jengo ni huyu na mwenye kiwanja ni yule, na jengo la namna hiyo benki haikubali kulichukua kuwa dhamana. Mimi nilikaribia kulipa pesa za stoo moja ya nafaka mtaa wa Majengo kabla shemeji yangu hajaniuliza swali hilo.

Stoo niliyoinunua baadaye ilikuwa na choo kimoja uani na vyumba vya kati visivyo na dirisha hata moja. Kutoboa kuta, kupitisha mabomba na kuchimba tangi la maji taka kulinila zaidi ya theluthi ya bei niliyonunulia. Fedha za ukarabati benki ilinipa kwa awamu, kila mara baada ya mhandisi wake kukagua kazi iliyokwisha, kwa hiyo awamu ya kwanza nilijigharamia mwenyewe kwa mkopo wa sacco. Tafadhali msiimalize akiba yote katika kununua.

Wakili wa Nyali

Naongeza mawili tu. Jengo likishakuwa makao ya ndoa, rehani haitakuwa halali bila sahihi ya mkeo, kwa hiyo awepo tangu mazungumzo ya mwanzo. La pili, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Kwa mshahara wa mwalimu hicho si kiasi cha kupuuza, na jengo linalobaki kuwa la biashara halikupi nafuu hiyo.

Mwalimu wa Ganjoni

Shukran sana, na Mama wa Tudor Mwenyezi Mungu akuzidishie. Leo tumefanya upekuzi wa hati: jengo na ardhi ni vya muuzaji mmoja, na miaka iliyobaki ni 61. Ameridhia kutia sahihi ombi la kubadilisha matumizi, ila anatupa miezi minne badala ya sita. Tumeazimia kutenga milioni moja na nusu kwa ajili ya vyoo na madirisha, na Jumatatu tutaonana na mpangaji miji kabla ya kutoa hata shilingi ya malipo ya awali.