Wakala anataka nijaze kuwa sijaolewa na sina watoto, eti familia nitaivuta baadaye. Naombeni ushauri

mamawawili
Wakuu salaam. Naombeni mawazo yenu, hasa mliokwishahamisha familia kwenda kuishi nje.

Mimi ni muuguzi mwenye digrii. Nina mume wa ndoa na watoto wawili. Wa kwanza ni kijana wa miaka 17, nilimzaa kabla ya ndoa hii; baba yake yuko hai ila hajawahi kushughulika naye. Wa pili ni binti wa miaka 6.

Kuna hospitali Uingereza imenifanyia usaili wa uuguzi, nasubiri majibu. Pia nimesoma Kijerumani hadi ngazi ya kati, B1, na kuna mwajiri Ujerumani yuko tayari kunichukua huku vyeti vyangu vikiendelea kushughulikiwa kulekule.

Sasa kaingia wakala katikati. Anasema njia zote mbili ni ndefu, yeye atanipitisha Uingereza kama mhudumu wa wazee, nikifika nibadilishe kazi. Na kwenye fomu nijaze kuwa sijaolewa na sina mtoto ili visa itoke haraka. Mume wangu hataki hata kulisikia hilo. Mimi nimechoka kusubiri, nakaribia kukubali. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kijana, miezi michache ijayo anatimiza 18.

Nifanyeje?

Kibatari
Dada, huyo mtu umeshampa hela? Kama bado, usimpe hata senti.

Uingereza ilisitisha kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Na hata kabla ya hapo, kuanzia 11 Machi 2024, mhudumu aliyeomba upya hakuruhusiwa kwenda na mume wala mtoto. Kwa hiyo kazi anayokuuzia haipo, na enzi ilipokuwepo, familia yako isingeingia kwa njia hiyo.

Nahodha2
Mnamtisha bure. Wangapi walijaza "single" na leo wanaishi na familia zao huko? Fomu ni fomu tu. Ukishafika mambo yanajipanga yenyewe.

Bi Mkora
Nahodha, wewe unawahesabu waliopona.

Kanada kwa mfano, sheria yao imeandikwa waziwazi: ukiomba ukaazi wa kudumu ukamficha mke, mume au mtoto, naye asichunguzwe kwenye ombi lile, huyo uliyemficha unapoteza haki ya kumdhamini baadaye kama familia. Uingereza nako wakigundua umedanganya kwenye ombi, unaweza kufungiwa miaka 10. Na kugundua si kazi. Siku mleta mada atakapoomba kumleta binti, ataambatanisha cheti cha kuzaliwa chenye jina lake na tarehe ya miaka sita iliyopita. Fomu yake mwenyewe ya mwanzo itakuwa inamshitaki.

Wakala siku hiyo hayupo. Laini yake itakuwa haipatikani.

Mzee wa Fomu
Mamawawili, achana kwanza na wakala, tuzungumze mambo yako. Una bahati ambayo huioni. Wewe ni muuguzi, na uuguzi Uingereza unahesabiwa kazi ya ngazi ya digrii. Visa ya wafanyakazi wa afya kwa muuguzi bado inaruhusu mume na watoto walio chini ya miaka 18, na mume akifika anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote. Watu wengi wanasikia "Uingereza wamezuia familia" wanadhani ni kwa wote. Walichotenganisha ni kazi na kazi. Ndiyo maana hospitali ikikujibu, swali la kwanza liwe: cheti cha udhamini mtakachonitolea kitaandikwa kazi gani na namba gani ya kazi? Wakujibu kwa maandishi. Kuna watu waliofanyiwa usaili wa uuguzi, karatasi ikaja imeandikwa uhudumu.

Upande wa gharama, visa yako inakusamehe ada ya afya, wewe na familia. Mtaalamu wa fani nyingine analipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima na 776 kwa mtoto, na inalipwa kwa mkupuo kwa miaka yote ya visa. Piga hesabu ya watu wanne kwa miaka mitatu uone. Ninyi mtadaiwa kuonyesha fedha ya kuanzia maisha: pauni 285 za mume, 315 za mtoto wa kwanza, 200 za wa pili. Jumla 800, mbali na 1,270 zako mwenyewe, na ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Au mwajiri akubali kuwabeba kwenye cheti cha udhamini. Hospitali nyingi hukubali, ila hawakumbuki mpaka uulize.

Sasa kijana. Inayohesabiwa ni siku ombi lake lilipowasilishwa, si siku ya kupanda ndege. Akiwa na 17 na miezi 11 siku hiyo, yumo. Akishatimiza 18, hatakuwa mtegemezi wako tena kwa macho yao. Itabidi aombe kivyake kama mwanafunzi au mfanyakazi. Kwa hiyo usipange ile ya "nitangulie, nitawavuta nikishazoea." Ombeni siku moja, wote wanne.

Kuna jambo la baba yake. Uingereza wanataka wazazi wote wawili wawe wanaenda, au mzazi anayeenda awe ndiye pekee mwenye jukumu la mtoto. Barua ya baba kusema "nimekubali" inasaidia, lakini peke yake haitoshi. Wanaangalia nani hasa amekuwa akiamua mambo ya mtoto. Chimba makabati: fomu za shule ulizosaini wewe, risiti za ada zenye jina lako, kadi ya kliniki, jina la mzazi kwenye ripoti za matokeo. Kama kuna amri ya mahakama ya malezi, hiyo iwe juu kabisa ya faili.

mamawawili
Mzee wa Fomu, Mungu akubariki. Hilo la baba sikulifikiria kabisa. Amri ya mahakama sina, ila risiti na fomu za shule ninazo zote. Na Ujerumani je?

Ndege Mnana
Ujerumani naijua kidogo, mke wangu ndiye aliyetangulia.

Miaka ya karibuni walilegeza. Mtaalamu mwenye kibali cha ukaazi cha mtaalamu aliyetambuliwa, yaani vyeti vyake vimeshakubaliwa kule, mume au mke wake hadaiwi tena cheti cha Kijerumani cha ngazi ya mwanzo, A1, wala hawamuulizi nyumba ina ukubwa gani. Akifika anafanya kazi bila kuomba kibali kingine. Ada ya visa ni yuro 75 mtu mzima, 37.50 mtoto.

Lakini soma hapa mara mbili. Nafuu hizo ni za aliyekwisha kutambuliwa. Wewe umesema unachukuliwa huku vyeti vinashughulikiwa. Hicho ni kibali kingine, na ukiwa nacho mumeo atarudishwa kwenye masharti ya zamani: A1, nyumba ya kutosha, na mshahara wako wa kipindi hicho uwatoshe wote. Wengi wanakwama hapo. Mshahara wa kusubiri kutambuliwa ni mdogo, na nyumba ya familia hupewi kirahisi ukiwa mgeni. Mwaka unakatika. Kwa kijana wako, mwaka huo huna.

Afadhali yake moja: huko, kama malezi ni ya wazazi wote wawili, ridhaa ya baba ina nguvu. Akisaini, shauri lake limekwisha.

Chachandu
Msisahau Falme za Kiarabu. Mshahara dirhamu 4,000, au 3,000 na nyumba, unadhamini familia, hakuna cha mtihani wa lugha. Ila kazi ikiisha na ukaazi wa familia umeisha.

Halafu nina swali langu la pembeni: mwenye wake wawili inakuwaje?

Bi Mkora
Chachandu, Uingereza na Ujerumani mmoja tu. Yule wa kwanza akiwa yuko naye kule, wa pili hapewi. Na wa kwanza mwenyewe awe na cheti. Picha za harusi na barua ya mshenga hawazisomi. Mamawawili, ndoa yenu imesajiliwa?

mamawawili
Imesajiliwa, cheti ninacho.

Nahodha2
Sawa, nimewasikia. Ila semeni ukweli, hayo yote mtu anayajuaje bila wakala?

Mzee wa Fomu
Kanuni zote za Uingereza ziko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure. Kinachomshinda mtu ni uvivu wa kusoma.

Kibatari
Si uvivu mzee, ile lugha yao ya kisheria nayo ina mambo. Mimi ningesema kama atamtumia mtu, amtumie mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa Uingereza kwenyewe. Majina yao yapo kwenye orodha ya umma, unatafuta jina na ukilikosa unaondoka.

mamawawili
Wakuu nimesoma yote, na mume amesoma. Wakala tumemwambia basi. Hospitali nimewaandikia leo, nimeuliza namba ya kazi, fedha za kuanzia, na kama cheti cha udhamini kinaweza kutoka kabla kijana hajafikisha 18. Kijerumani naendelea nacho iwapo hawa watachelewa.

Swali la mwisho: kijana hana pasipoti bado. Nianze na hiyo, au nisubiri jibu la hospitali?

Mzee wa Fomu
Kesho asubuhi. Hilo halisubiri mtu. Na hakikisha jina lako kwenye cheti chake cha kuzaliwa linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti yako. Kama uliongeza jina la mume baada ya ndoa, weka na cheti cha ndoa kwenye faili la kijana pia.