Mrejesho: yule mbwa wa Gungu na watoto wake wanne

Ndugu zangu, miezi mitatu iliyopita niliwauliza nimfanyeje mbwa aliyeachwa na wapangaji waliohama, akazalia chini ya ngazi zetu hapa Gungu, Kigoma. Wengine mlisema niwatupe porini. Sikuweza.

Mtoto mmoja alikufa kabla hajafumbua macho. Madume wawili kawachukua mama muuza dagaa wa Kibirizi, anataka wakikua wamlindie vichanja. Wa tatu alikwenda Ujiji, akarudishwa siku ya nne: analia usiku kucha. Iliniuma sana. Nikamlaza kwenye boksi lenye kanga yangu kuukuu, usiku wa tatu akanyamaza. Sasa yuko kwa jirani, na kanga kaondoka nayo.

Bwana mifugo amewachanja wote kichaa cha mbwa, akasisitiza chanjo irudiwe kila mwaka. Tafadhali msiipuuze, dalili zikishatokea, ugonjwa huo hauponi.

Mama yao nimebaki naye, naitwa mwenye mbwa mtaani. Kila asubuhi ananusa chini ya ngazi, anazunguka mara mbili, kisha anakuja kulala miguuni pangu. Asanteni mliotuma hela ya dawa ya minyoo.