Kukaa kimya mbele za Mungu ni maombi kweli?

Mwanakwaya_Dom: Bwana asifiwe wapendwa. Kwetu kanisani hakuna dakika inapita bila kinanda, mchungaji akisema tuombe kila mtu anapaza sauti, spika ndo usiseme, na mi napenda tu sina shida. Sasa rafiki yangu Mkatoliki kanialika mafungo, eti kimya toka ijumaa jioni mpaka jumapili, simu mnazima na hata mezani hamwongei. Mamkubwa kusikia hivyo kanijia juu kwamba ukinyamaza sana pepo wanapata nafasi. Hiki kitu kipo kwenye Biblia au ni mambo ya yoga?

fundi_wa_neno: Mpe pole mamkubwa 😂 Soma 1 Wafalme 19, Eliya yupo Horebu, upepo unapasua miamba, tetemeko, moto, kote huko Bwana hayumo, ndo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Na Hana je? 1 Samweli 1:13, midomo inacheza sauti haisikiki, kuhani mzima akajua huyu mama kalewa

MamaWaWatatu: Mi Mkatoliki, mafungo ya hivyo nimeshaenda. Yoga wapi jamani, Kanuni ya Mt. Benedikto ni ya karne ya 6, sura ya 42 inakataza maongezi baada ya sala ya mwisho ya usiku, na ndo kanuni wanayofuata watawa wa Ndanda na Peramiho. Ila usidhani utakaa tu unaona malaika. Mwanzoni unawaza ada, kodi, gesi umefunga au hujafunga, halafu anakuja yule wifi mliyenuniana toka msiba wa baba, na safari hii huna simu ya kukimbilia, ndo unaanza kumwambia Mungu ukweli. Sisi wenyewe tunaukwepa ukimya, baada ya Komunyo tunatakiwa tutulie kidogo lakini kwaya nyingi hawawezi kuona pengo lazima walijaze 🙄

Mluhya_Halisi: Niko Vihiga, sisi ni Friends yaani Quaker. Wenzetu wengi wa Uingereza ibada yote ni kimya, hakuna pastor, mtu anasimama tu akisukumwa na Roho. Lakini wamishenari waliofika Kaimosi 1902 walitoka Marekani kwa wale walikuwa tayari na wachungaji na nyimbo, ndio maana sisi tunaimba tu kama makanisa mengine. Mgeni wa huko akikuja anashangaa sana

Mpakwa_mafuta: Naomba nipinge kidogo. Bartimayo aliambiwa anyamaze akazidi kupiga kelele na akaponywa, Marko 10:48. Msije mkatugeuza mabubu

MamaWaWatatu: @Mpakwa_mafuta nani kakataza kelele kaka yangu, jumatatu utapiga tu

Mwanakwaya_Dom: Nimewaelewa, nitaenda, mamkubwa nitamalizana naye nikirudi. Daftari linaruhusiwa?

MamaWaWatatu: Ruksa. Beba na sweta, na kama unakoroma waambie mapema wakupangie chumba cha mwisho 😅