Onyesho la wanafunzi na darasa la wazi siku moja: tupange vipi?

Katibu_Chama: Wadau, chama chetu cha walimu wa piano kina onyesho la wanafunzi 24 pamoja na darasa la wazi (mwalimu mgeni anamfundisha mwanafunzi mmoja mmoja mbele ya hadhira), siku moja, ukumbi mmoja. Ratiba ikaeje?

Kidole_cha_Nne: Dakika 3 za kupiga, 1 ya kupanda jukwaani na kurekebisha kiti: jumla dakika 96 bila mapumziko. Gawa makundi mawili. Kiti ndicho kinachokula muda, kwa hiyo panga kwa kimo, wadogo watangulie.

FundiNyuzi: Piano ityuniwe (sauti za nyuzi zirekebishwe) ikishawekwa mahali pake ukumbini, si kabla. Unyevu wa hewa ukibadilika, ubao wa sauti (ubao mpana ndani ya piano unaokuza mlio wa nyuzi) huvimba au kusinyaa na nyuzi zinahama sauti. Washa taa na viyoyozi kama vitakavyokuwa siku yenyewe, ndipo fundi aanze na noti ya A, 440 Hz (mitetemo 440 kwa sekunde).

Mwl_Pedali: Darasa la wazi liwe asubuhi: wanafunzi 4, dakika 25 kila mmoja, wanne tu jamani. Mwalimu mgeni apewe nakala yake ya noti, na baa (vipande vifupi vya muziki kati ya mistari wima ya noti) ziandikwe namba. Akisema "rudi baa ya 17", mtoto akaanza kuhesabu kwa kidole, dakika nzima imekwenda.

Katibu_Chama: Na anayesahau katikati?

Mwl_Pedali: Afundishwe mapema sehemu 3 au 4 ndani ya wimbo za kuanzia tena. Asirudi mwanzo, atakwama palepale.